Siyo Mimi Niliyesema Dunia Ni Bapa

Kuna kipindi Ukunda nzima iliamini kwamba mimi, Mama Mshai, mke wa mpishi, ndiye niliyegundua kwamba dunia ni bapa kama chapati. Vijana wa bodaboda walinipigia kelele kutoka upande wa pili wa barabara: "Mama, hizo pembe nne za dunia, moja si ndiyo Kona ya Musa?" Bi Mwanasiti, aliyekuwa akiniuzia kaimati tangu wanangu wakiwa wadogo, aliinua mwiko juu ya karai akanitazama kwa huruma. "Mama Mshai, niambie mapema mwenzangu. Niendelee na kaimati au nihamie chapati?"

Nyinyi vijana mnaoanza ukalimani mmekuwa mkija hapa kwangu kuniuliza siri ya kazi. Siri ndiyo hiyo. Ukiifanya vizuri, watu husahau kwamba maneno si yako. Wanakumbuka sauti iliyoingia masikioni mwao, na sauti ni yako wewe. Yule mwenyewe aliyesema anapanda ndege anakwenda zake, wewe unabaki sokoni na kaimati zako.

Aliyenifundisha alikuwa Bwana Hamisi, Mdigo wa Kikoneni, aliyekuwa akiwatafsiria maafisa wa kilimo waliokuja kueleza habari za mikorosho. Mimi wakati huo nilikuwa najibu simu katika hoteli moja ya Diani, Mtaita niliyeteremka pwani kumfuata mume, na Kiswahili changu kilikuwa bado kina mawemawe ya mlimani. Bwana Hamisi alikisafisha kama mtu anayepepeta mchele. Alikuwa na masharti yake. Kaa mahali utakapouona mdomo wa msemaji na macho ya wasikilizaji kwa pamoja. Usitafsiri ukiwa na njaa, maana utafupisha. Na la tatu, alilolipenda kuliko yote: usiseme "anasema." Sema "mimi." Msemaji akisema "mimi nimefurahi," nawe useme "mimi nimefurahi," hata kama umenuna.

Sharti hilo lilimponza mwenyewe. Afisa mmoja kijana, mchangamfu, aliwaambia wakulima kwa utani kwamba bado hajaoa na anatafuta. Bwana Hamisi akasimama wima akatangaza, "Mimi sijaoa bado, ninatafuta." Mkewe alikuwa ameketi safu ya mbele, na kando yake bibi mmoja akainua mkono kusema ana mjukuu. Bwana Hamisi alikula chakula cha baridi siku kadhaa, lakini sharti hakulibadilisha.

Mimi naye tulikosana mara moja tu. Nilikuwa nimewapeleka wageni wa hoteli kutembelea kijiji kule Tiwi, na mzee mwenyeji, alipoulizwa umri wake, akajibu kwa maringo, "Mimi nimekula chumvi nyingi." Nikatafsiri vilevile: mimi nimekula chumvi nyingi. Kumbe mgeni mmoja alikuwa daktari. Akaweka kamera chini, akamshika mzee mkono, akamweleza kwa upole habari za shinikizo la damu. Mzee akatishika. Familia yake ilikula mchuzi usio na chumvi mpaka mwanawe mkubwa akaja kuniuliza mbona ninawatesa. Bwana Hamisi alipopata habari alicheka hadi akatokwa na machozi, kisha akanikazia macho. "Uliyasikia maneno, Mshai. Mtu mwenyewe hukumsikia."

Tangu siku hiyo, kabla sijafungua kinywa, ninajiuliza huyu anataka kusema nini, na anamwambia nani. Nilidhani nimejifunza vya kutosha, mpaka alipokuja Mhubiri Walter.

Mhubiri Walter alitoka ng'ambo, mwembamba, mrefu, pua imebabuka kwa jua la Diani. Kanisa letu lilimwalika kwa semina ya siku chache. Nataka mjue kwamba alikuwa mtu mzuri, kwa sababu simulizi kama hizi zina tabia ya kumfanya mgeni kuwa mjinga. Baada ya chakula alikunja mikono ya shati akaosha sahani pamoja na kina mama, na alipoambiwa aache, aliosha kwa kasi zaidi. Wagonjwa wote wa mtaa aliwatembelea kwa miguu. Ila alikuwa na jambo moja, na alinieleza tulipokutana mara ya kwanza.

"Mama," alisema, "tafsiri neno kwa neno. Usiongeze, usipunguze, usinieleze. Neno lililoandikwa halihitaji kuelezwa, na langu vivyo hivyo."

Nikasema sawa. Mwenye kinywa ndiye mwenye maneno.

Siku ya kwanza alihubiri vizuri sana. Siku ya pili akafungua Biblia akaanza kusoma mahali hapa na pale: dunia imewekwa juu ya nguzo, malaika wamesimama kwenye pembe zake nne, jua limeamriwa lisimame likasimama. Kisha akafunga kitabu. Akasema kama dunia ina pembe, basi si mpira. Kama ina nguzo, haielei. Kama jua ndilo lililosimamishwa, ndilo linalotembea. Na anayewafundisha watoto vinginevyo anawafundisha kumwita Mungu mwongo.

Nilikuwa na kipaza sauti mkononi na kanisa zima likinitazama. Mdomo wake niliuona, na macho yao niliyaona. Ningeweza kuyalainisha yale maneno kidogo, yakapita kama upepo. Lakini mkalimani anayechagua ya kupitisha na ya kuzuia amekuwa kitu kingine, hajui mwenyewe ni nini. Basi nikasema, kwa Kiswahili changu kilichopepetwa na Bwana Hamisi, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani: "Mimi nawaambia, dunia ni bapa!"

Safu ya mbele, Mzee Kioko akaitikia kwa nguvu, "Amina!"

Mzee Kioko alikuwa mzee wa kanisa, Mkamba mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kuamka mapema na kuamini kwa moyo wote. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule yetu ya kanisa. Kesho yake asubuhi alikwenda shuleni na gunia tupu. Akaingia darasa la Mwalimu Rehema katikati ya somo, akasalimia, akaiondoa mezani ile tufe ya plastiki yenye mabara na bahari, akaitia guniani. Kisha akamwambia mwalimu apumzike nyumbani mpaka kamati ikae.

Rehema alikuwa binti wa Tiwi, kijana, aliyeanza kufundisha pale shule ikiwa bado ni banda la makuti. Watoto walikuwa wakimsubiri langoni kila asubuhi wakigombania kumbebea mkoba. Mchana ule alikuja kwangu, akaketi jikoni, akakataa chai.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, umeniponza."

Nikamwambia si mimi. Akasema anajua si mimi, lakini watoto wamemuuliza mbona Mama Mshai anasema vile. Kisha akaanza kulia, si kwa kelele. "Nikirudi niwaambie nini? Kwamba jana niliwadanganya, au kwamba leo ndiyo ninawadanganya? Na mimi Biblia naisoma, Mama. Naisoma kila asubuhi kabla sijatoka. Leo naambiwa ninamwita Mungu mwongo."

Hilo ndilo lililonichoma. Kazi angeipata nyingine, shule ni nyingi. Lakini alikuwa amefungiwa mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Nilikwenda kwa Mchungaji Safari. Yeye ni Mgiriama mpole, mtu ambaye akikanyaga mdudu huomba radhi. Alijua dunia ina umbo gani, lakini aliogopa kanisa lisije likapasuka. Akasema kamati itakaa Jumamosi, mgeni atakuwepo kama msikilizaji, nami nitamtafsiria.

Siku hiyo tuliketi katika ukumbi nyuma ya kanisa. Kina mama walikuwa wanapika wali wa nazi na samaki wa kupaka uani, na ile harufu ilikuwa inaingia dirishani kumsumbua kila mtu. Mimi nilikuwa sijala kitu. Sharti la pili la Bwana Hamisi nililivunja mchana kweupe.

Kabla kikao hakijaanza, Mhubiri Walter aliniinamia. "Neno kwa neno, Mama, tafadhali."

"Neno kwa neno," nikamjibu.

Mzee Kioko akasimama. Alikuwa amevaa suti, na hasira yake alikuwa ameiandaa tangu usiku. Akamnyooshea kidole Rehema, aliyekuwa ameinamisha uso pembeni.

"Huyu mwalimu," akasema, "amenivua nguo mbele ya watoto!"

Sasa, kila mmoja wetu pale alielewa. Siku alipochukua tufe, mtoto mmoja alimuuliza Mzee Kioko kwa adabu kwamba ikiwa dunia ina ukingo, je, bahari haimwagiki, na Mzee akakosa jibu, na darasa likacheka. Ameaibika. Hicho tu ndicho alichokuwa anasema. Nami nilikuwa na njaa, na nilikuwa nimeapa. Nikageuka kwa mgeni nikampa kwa Kiingereza safi, neno kwa neno: mwalimu huyu amenivua nguo mbele ya watoto.

Mhubiri Walter akageuka mwekundu kuliko pua yake. Akamtazama Rehema, akamtazama Mzee Kioko na suti yake, akanitazama mimi. "Nguo zote?" akauliza kwa kunong'ona.

"Hakutaja," nikasema.

Rehema Kiingereza anakijua, ni mwalimu. Niliona mabega yake yakianza kutikisika. Mchungaji Safari naye anakijua. Alikuwa ameanza kuvichunguza viatu vyake kama mtu anayevinunua. Wote wawili wangeweza kunisahihisha kwa neno moja, na hakuna aliyefungua mdomo.

"Amenipanda kichwani!" akaendelea Mzee Kioko, na hapo alimaanisha kwamba mwalimu amekosa heshima. Nikatafsiri. Mgeni akakitazama kichwa cha Mzee, kisha urefu wa Rehema, akipiga hesabu ya jinsi jambo hilo lilivyowezekana.

"Nimevumilia," Mzee akanguruma, "na sasa basi! Mimi na huyu mwalimu, leo, tutakula sahani moja!"

Mnajua vizuri mtu akikutamkia hivyo. Ukiwa na akili unaanza kutafuta mlango. Ni vita. Kina mama dirishani waliacha kukoroga. Nami nikavuta pumzi, nikamwambia Mhubiri Walter alichokisema Mzee, bila kuongeza, bila kupunguza: mimi na huyu mwalimu, leo, tutakula kutoka sahani moja.

Yule mtu aliinuka. Machozi yalikuwa yamemjaa. Alivuka ukumbi kwa hatua zake ndefu, akamkumbatia Mzee Kioko kwa nguvu mpaka suti ikakunjamana mgongoni.

"Utukufu kwa Bwana!" alilia, nami nikatafsiri, maana hiyo ndiyo kazi. "Amemvua nguo! Amempanda kichwani! Na bado ndugu yangu huyu anataka kula naye sahani moja! Sijawahi kuona msamaha kama huu!"

Ukumbi mzima ulikuwa umeuma midomo. Mzee Kioko alikuwa amekwama mikononi mwa mgeni, macho yamemtoka. Angesema nini? Kwamba hapana, hakumaanisha msamaha? Mbele ya mgeni anayelia kwa furaha?

"Sahani iko wapi?" Mhubiri Walter akauliza.

Mama Kioko, mkewe Mzee, mwanamke asiyeongea sana, ndiye aliyeileta. Aliingia na sinia kubwa la wali na samaki juu yake, akaliweka mezani katikati, akamwambia mumewe kwa Kikamba neno fupi ambalo mimi silijui na sikuulizwa kulitafsiri. Mzee akaketi. Rehema akanawa mikono, akamwagia na Mzee maji anawe, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, Mzee."

Mzee akakung'uta maji mikononi.

"Marahaba," akasema Mzee Kioko, akatia mkono siniani.

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka. Kilianzia dirishani kwa kina mama, kikaingia ndani, kikampata Mchungaji, na mwisho kikampata Mzee mwenyewe, ambaye alipaliwa na wali na kupigwapigwa mgongoni na yule mwalimu aliyetaka kumfukuza.

Mhubiri Walter alicheka nasi kwa kuwa alikuwa na furaha, lakini hakuwa mjinga. Aliona kwamba sisi tunacheka kitu kingine. Akamuuliza Mchungaji Safari, na Mchungaji akamweleza polepole: kuvuliwa nguo ni nini, kupandwa kichwani ni nini, na sahani moja ni nini hasa. Nilikuwa nimekaa kando yao. Uso wa yule mtu ulibadilika, nikafikiri ataniomba niondoke.

Badala yake alinigeukia. "Ulifanya nilichokuomba."

"Ndiyo, Mhubiri."

"Kila neno lilikuwa sahihi?"

"Kila neno."

Alichezea mwiba wa samaki. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau, na ndiyo sababu ninawaambia alikuwa mtu mzuri. "Mama, sing'ang'anii pembe nne kwa sababu ya pembe. Ninaogopa. Nikikubali kwamba hapa ni namna ya kusema tu, kesho mtu atakuja aniambie na kaburi tupu nalo ni namna ya kusema tu. Nitasimama wapi?"

Hakuna aliyecheka sasa. Nilitafsiri kwa wote, na safari hii hakuniambia neno kwa neno.

Mchungaji Safari alifikiri kwanza. "Wale wa kaburi walikuwa wanatoa ushahidi," akasema. "Walitaja nani alikwenda, akamkuta nani, akakimbia kumwambia nani. Walitaka tuamini kwamba jambo lilitokea. Aliyetaja nguzo za dunia alikuwa anaimba. Alitaka tusiogope, maana Mungu ameishika dunia. Na anayesema malaika wako pembe nne anataka kusema hakuna mahali ambapo hawapo. Ukimgeuza kuwa mpima mashamba, unamnyang'anya wimbo wake, na mashamba pia hakuyapima."

"Na jua?" akauliza mgeni.

Rehema ndiye aliyejibu, mkono wake bado uko siniani. "Mhubiri, mimi ninafundisha kwamba dunia ndiyo inayozunguka. Lakini asubuhi nikiwaamsha wadogo zangu ninawaambia jua limetoka. Sijawahi kuhisi ninasema uongo."

Mhubiri Walter hakusema amekubali. Sitaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema atakwenda kulifikiria, na akaomba aongezewe wali. Jumapili alihubiri habari za msamaha, na alipofika katikati alisema, "Juu ya umbo la dunia nilisema kwa haraka. Nawaomba msimuadhibu mtu yeyote kwa neno langu." Nililitafsiri hilo kwa sauti kubwa kuliko zote, wakasikia hata wa bodaboda, ingawa hao hawakuacha kunitania mpaka walipopata la mtu mwingine.

Rehema alirudi darasani Jumatatu. Tufe nayo ilirudi, ila wajukuu wa Mzee Kioko walikuwa wameicheza mpira, na mpaka leo Bahari ya Pasifiki ina shimo.

Siku hizi mna simu zinazotafsiri zenyewe. Nimezijaribu, ni hodari, hazina njaa wala hazichoki. Zitumieni. Lakini mtu akisema nanyi, mtazameni usoni kabla hamjaitazama simu, muone kama anaimba, anashuhudia, anatishia au anatania. Watu huandika kama wanavyosema, na wa zamani nao walikuwa watu.

Mzee Kioko je? Hakuwahi kusema alikosea. Lakini binti yake, Ndunge, alipata kazi ya uuguzi Marekani, na baada ya miezi michache Mzee alikuja kwangu jioni moja, akazungumza habari za saruji, kisha habari za mvua, kisha akashusha sauti.

"Mama Mshai, nikimpigia Ndunge asubuhi, ananiambia kwake bado ni usiku. Mwanzo nilidhani ananidanganya ili alale. Nikamwambia anionyeshe dirisha kwa simu. Giza kweli. Hebu nieleze."

Nilimwambia mimi ni mkalimani tu, hilo amuulize Mwalimu Rehema. Alinung'unika, akavaa kofia, akaondoka.

Nilikutana naye kesho yake anatoka langoni mwa shule, chungwa mkono mmoja na tochi mkono wa pili, watoto wanampungia.

"Amekueleza?" nikamuuliza.

"Amenieleza," akasema Mzee Kioko, akilitazama chungwa kwa mashaka. "Na amenipa kazi ya nyumbani."